Stoo ya zamani kuwa chumba cha TEHAMA na sanaa shuleni: tuanzie wapi? (Rungwe, mvua nyingi)

#1 Mwl_Rungwe

Wakuu, habari za leo. Shule ni ya sekondari, wilaya ya Rungwe. Tumeruhusiwa kugeuza stoo ya zamani iwe chumba kimoja cha TEHAMA na sanaa: kompyuta, sakiti ndogondogo za umeme, uchoraji, ufinyanzi, batiki, na ikiwezekana kurekodi sauti.

Chumba ni mita 7 kwa 9. Bati juu, hakuna dari. Sakafu ya saruji imepasuka. Madirisha manne yenye nondo, mlango mmoja kwenye ukuta mfupi, unafungukia ndani. Umeme upo, LUKU ya fezi moja, unashirikiana na jengo la utawala. Darasa moja lina wanafunzi 45.

Kamati inataka hela yote iishie kwenye kompyuta 45 na printa ya 3D. Mimi nasita. Msinipe siasa, nipeni vipimo.

#2 KenchiNaBati

Mwalimu, anzia juu. Huko kwenu mvua inapiga miezi mingi kuliko isiyopiga, na tone moja la usiku juu ya meza linamaliza mashine ambayo virusi vingeisumbua mwaka mzima.

Ingia ndani saa sita mchana jua likiwa kali, ziba madirisha kwa maturubai, funga mlango, subiri dakika tano macho yazoee giza. Kila nukta ya mwanga utakayoiona kwenye bati ni tundu. Mmoja apande na chaki, wewe umwelekeze kwa kugonga na fimbo toka ndani. Matundu mengi yatakuwa kwenye misumari iliyolegea, si kwenye bati lenyewe. Usigongelee upya msumari uleule, tundu limeshapanuka. Ng'oa, weka skrubu ya bati yenye washa ya mpira, nene kuliko msumari uliotoka.

Sakafu sasa. Kabla ya kumwaga plasta mpya, jua kama maji yanapanda toka chini. Kata nailoni ngumu nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni kwa selotepu pana pande zote nne, iache usiku kucha mpaka kesho yake mchana. Ukiifunua ukakuta imetoka jasho upande wa chini, au saruji imekuwa nyeusi pale tu, unyevu unapanda. Hapo plasta peke yake haitoshi: tandika nailoni nzito, viungo vipandiane sentimita 20, kisha umwage zege jembamba juu yake. Fanya jaribio hilo kona mbili tofauti, hasa kona iliyo karibu na mteremko.

Dari ni lazima, kwa joto, kwa vumbi na kwa kelele. Jipsamu ni nzuri Dodoma. Rungwe inanyonya unyevu na kubonyea kama godoro la gesti. Tumia mbao nyembamba za paini za kupachikana, na uache matundu ya hewa yenye wavu kule pembeni ili kenchi zisioze.

Mlango ugeuzwe ufungukie nje. Watoto 45, umeme na nta ya moto kwenye chumba chenye mlango mmoja wa kuvuta ndani, hapana.

#3 FundiKabwe

Juu amemaliza. Mimi nachukua umeme.

Usivute toka soketi ya ofisi. Chumba kiwe na waya wake toka mainswichi na kisanduku chake cha breka, ndani, karibu na mlango, kimo ambacho mwalimu anafika bila kupanda kiti.

Hesabu ya mzigo ndiyo itakayoamua aina ya kompyuta. Ya mezani pamoja na kioo chake weka wati 150, laptopu weka 50. Mashine 15 za mezani ni wati 2,250, laptopu 15 ni 750. Kwa saa 4 kwa siku, siku 20 za masomo, za mezani zinakula uniti 180 kwa mwezi, laptopu uniti 60. Kamati ikisema ya mezani ni rahisi, wawekee hesabu hiyo mezani, maana LUKU haina mfadhili.

Mistari igawanywe. Taa peke yake, waya wa 1.5, breka ampia 10. Kompyuta mistari miwili, waya wa 2.5, breka ampia 20 kila mmoja. Meza ya sakiti na solda mstari wake. Upande wa maji mstari wake. Mwanafunzi akigusisha waya kwenye meza ya sakiti, breka moja tu inaanguka na wenzake kwenye kompyuta hawapotezi kazi.

Breka ya kuvuja umeme, ile yenye kitufe cha T, ya miliampia 30, iwe kwenye mistari yote ya soketi, ila usitundike chumba kizima chini ya moja. Kila chaja inavujisha kidogo sana. Ukijumlisha mashine nyingi breka inaanguka bila kosa lolote, kisha anakuja fundi mvivu anaiondoa, na hapo ndipo mtu anapokufa. Mbili au tatu. Bonyeza T kila mwezi, isipoanguka, imekufa.

Ekstensheni juu ya ekstensheni marufuku. Plagi ya ampia 13 mwisho wake ni wati 3,000 hivi, na ile ya kuviringisha ukiitumia bila kuikunjua yote inapika maganda yake yenyewe.

Ethi: nondo ya shaba, na ipimwe kwa kipimo. Kuchomeka taa kati ya laini na ethi ikawaka hakuthibitishi lolote. Wengi hulenga chini ya omu 10.

Radi: kizuia msukumo kwenye kisanduku kinasaidia, lakini wingu jeusi likijikusanya, chomoa. Chomoa na waya wa mtandao pia. Watu wanachomoa umeme, radi inaingilia kwenye kebo iliyotoka jengo jingine, asubuhi swichi ya mtandao imeungua na bandari za kompyuta zote. Kati ya jengo na jengo pitisha faiba au rusha kwa antena, usilaze shaba.

#4 KijanaUyole

Mbona mnazunguka, wekeni sola. Betri mbili za volti 12, ampia-saa 200, ni uniti karibu 5. Laptopu 15 zinatembea saa 6 safi.

#5 FundiKabwe

Mdogo wangu, hapo umehesabu karatasi. 12 × 200 × 2 ni uniti 4.8, sawa. Ila betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku, haimalizi mwaka wa pili. Inabaki 2.4. Inveta inakula asilimia 10 hadi 15, umebaki na 2.1 hivi. Gawa kwa wati 750: saa 2 na dakika 48. Na hizo lazima zirudi kwa jua, kwenye wilaya ambayo Machi unaweza kukaa siku tatu ukungu haujanyanyuka.

Laptopu ina betri yake tayari. Umeme ukikatika saa mbili haihitaji msaada. Kinachohitaji msaada ni seva, swichi ya mtandao na ruta, vyote pamoja havifiki wati 60. Hivyo vipe betri ndogo na inveta ndogo, mambo yamekwisha. Sola ije awamu ya pili, ikija iwe na betri za lithiamu. Za asidi zikilazimu, zisikae chumbani na watoto. Zikichajiwa zinatoa hewa ya kulipuka.

#6 Nyundo_Mafinga

Naongezea samani, maana watu wengi wanalia baadaye.

Paini ya huku, kuanzia Sao Hill hadi viwandani Mafinga, ni nzuri kwa meza, ikiwa imekauka. Mbao mbichi ikitengenezwa meza Mei, Agosti miguu imejipinda na kompyuta inacheza. Shika mbao mbili za kipimo kimoja: iliyo nzito kupita mwenzake ni mbichi. Zipange kwa vipande vya kutenganisha katikati, chini ya paa, upepo upite, wiki sita na zaidi. Mkaratusi kwa meza achana nao, unapasuka mwisho hadi mwisho.

Juu weka plaiwudi ya milimita 18, kingo zipakwe vanishi mara mbili kuliko uso, maana unyevu unaingilia kingoni. Meza ya kompyuta kimo sentimita 72. Meza ya kusimama kwa kazi za mikono 85 hadi 90.

Kila mashine inataka sentimita 75 za upana. Mashine 15 ni mita 11.25, yaani ukuta wote wa mita 7 ulio mkabala na mlango, kisha ukate kona uendelee karibu mita 5 kwenye ukuta mrefu. Kona yenyewe inakula sentimita 60, usiihesabu. Migongo ya mashine ikiwa ukutani, waya zinafichwa na mwalimu anaona vioo vyote akisimama katikati.

Maji na udongo viwe upande wa mlango. Mtoto mwenye matope asipite kwenye mashine kwenda kunawa. Kati ya pande mbili jenga ukuta mfupi wa mita 1.2, juu uachwe wazi.

Na kukata mbao au kupiga msasa humo ndani hapana kabisa. Unga wa mbao unavutwa na feni za kompyuta, unachanganyika na unyevu, unakuwa uji. Piga kibanda nje, nguzo nne na bati sita, weka jiriwa mbili.

#7 Mwl_Rungwe

Nashukuru sana. Sasa mashine 15 kwa watoto 45, kamati wataniuliza wengine 30 wanafanya nini.

#8 AmaliIringa

Jibu lako ni mzunguko, mwalimu. Mita za mraba 63 kwa watoto 45 ni mita 1.4 kwa kila mmoja. Ukiwapa wote kompyuta hakuna nafasi ya kuweka kitu kingine, kitakuwa chumba cha kompyuta kama vingine vyote, na sanaa itarudi kuchorwa kwenye daftari. Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika 2024 na mkondo wa amali kupewa nafasi yake, huwezi kukitetea chumba cha namna hiyo.

Makundi matatu ya 15. Kundi moja kompyuta, moja meza ya sakiti, moja udongo, kitambaa au ususi. Kila kundi linabaki kituo kimoja kwa wiki, baada ya wiki tatu wote wamepita. Omba vipindi viwili mfululizo, dakika 80: kumi za kutoa vifaa, hamsini na tano za kazi, kumi na tano za usafi na kuhesabu. Zile kumi na tano usiziibe hata siku moja. Chumba kinaanza kufa siku ambayo kengele imelia solda bado ziko mezani.

Meza ya sakiti, watoto watatu kwa seti, seti tano na moja ya akiba:

bredibodi (vibao vya kuunganishia sakiti bila solda) 6, bodi za Arduino Uno (kompyuta ndogo za kuendeshea sakiti kwa programu) 6 na kebo zake, taa za LED za milimita 5, rangi tatu, 100, rezista za omu 220, 100, na za kilo-omu 10, 50, vihisi mwanga 12, vitufe 20, nyaya za kuchomeka 200, mota ndogo za servo 6, kipimo cha umeme 3, solda za wati 40, 4 tu, na stendi zake.

LED zitaungua, ndiyo maana 100. Hesabu yake wafundishe mapema: volti 5 toa 2 za LED nyekundu, gawa kwa 220, unapata miliampia 13 na ushee. Bila rezista, inawaka vizuri sana kwa muda mfupi sana.

Makosa mawili yatakayokula muda wako. Bodi za Arduino za kuiga nyingi huwasiliana na kompyuta kwa chipu ya CH340. Kompyuta ya Windows isiyo na intaneti inaweza kukataa kuitambua, watoto wakadhani bodi mbovu. Weka draiva kwenye mashine zote kabla ya somo. La pili, servo ikiendeshwa kwa umeme wa bodi yenyewe inavuta ghafla, volti inashuka, programu inaanza upya kila inapogeuka. Ipe servo betri zake, kisha unganisha hasi kwa hasi. Hasi isipounganishwa, servo inatetemeka kama ina homa.

Vifaa vya mikono vitundike kwenye ubao wa plaiwudi na uchore umbo la kila kimoja kwa rangi nyuma yake. Koleo likikosekana, umbo tupu linaonekana toka mlangoni. Daftari linadanganya, umbo tupu halidanganyi.

#9 KijanaUyole

Na printa ya 3D je? Shule za wenzetu zinayo.

#10 AmaliIringa

Siikatai, ila isiwe kifaa cha kwanza. Kitu cha ukubwa wa ngumi kinaweza kuchukua saa tatu au nne. Watoto 45 utawahudumia lini?

Halafu hali ya hewa. Plastiki ya PLA inayeyushwa nyuzi 190 hadi 220 na sahani yake iwe kama 60. Julai asubuhi Mbeya au Njombe, dirisha likiwa wazi, tabaka la kwanza linabanduka kona na kazi inajikunja. Itajengewa sanduku la plaiwudi lenye kioo mbele. Mvua zikianza, uzi wa plastiki unanyonya unyevu. Utasikia unapasuka pasuka kwenye pua ya printa na kazi inatoka na manyoya. Ukaushe nyuzi 45 hadi 50 kwa saa tano hivi, kisha ufungwe kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha. Na TANESCO akikata katikati, printa nyingi zinadai kuendelea pale zilipoishia, lakini sahani imeshapoa, kitu kimebanduka.

Udongo wa mfinyanzi ni bure na unafundisha maumbo ya pande tatu leo hii.

#11 MamaVyungu

Hapo kwenye udongo nimeingia. Habari zenu wanangu.

Mwalimu, jirani zako Wakisi wa Ikombe na Matema wanafinyanga vyungu tangu enzi za mabibi, vinauzwa hadi mbali. Usinunue udongo wa paketi. Chimba wa kwenu, uupime hivi: tengeneza kamba ya udongo nene kama kidole, uizungushe kwenye kidole gumba. Ukipinda bila kupasuka, unafaa. Ukipasuka ovyo una mchanga mwingi. Ukinata mikononi kama ugali mbichi ni mnono mno, utapasuka ukikauka. Uchanganye na vigae vilivyotwangwa na kuchekechwa, sehemu moja ya vigae kwa tano za udongo.

Ukande mpaka ukiukata kwa waya usione tundu la hewa. Ukuta wa chombo cha mwanafunzi uwe milimita 6 hadi 8, na kitako kisiwe kinene kuliko ukuta. Watoto wote wanaacha kitako kinene.

Kukausha ndipo Rungwe inapotesa. Funika na nailoni siku nne za kwanza, kisha fungua kidogokidogo, kivulini. Kiangazi wiki mbili zinatosha, masika subiri tatu au nne. Rangi ya juu itakudanganya. Kiweke chombo shavuni: kikiwa baridi kuliko hewa, maji bado yamo. Ukikichoma hivyo, maji yanageuka mvuke ndani ya ukuta na kinalipuka, kinavunja na vya jirani. Hata kikiwa kikavu, moto upande polepole mpaka maji ya mwisho yatoke, na upitishe taratibu pale nyuzi 573, maana mchanga uliomo ndani unavimba ghafla hapo. Kwa tanuru ya kuni isiyo na kipimo: saa mbili za moshi mdogo kabla ya kuongeza. Kuchoma ni nje, si kwenye chumba chenu.

Udongo mkavu usifagiliwe. Vumbi lake linaingia mapafuni halitoki. Deki kwa maji.

Sasa batiki. Wengi wanasema yeyusha nta kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji, na kwa usalama wa watoto ni sawa. Ila huku juu maji yanachemka karibu nyuzi 94, hayafiki 100 kama Dar, na nta inayopenya kitambaa vizuri inataka kama 110 hadi 120. Ndiyo maana batiki za shule nyingi zinavujisha rangi. Angalia kitambaa pale brashi ilipopita: nta ikikaa nyeupe kama mafuta yaliyoganda, iko baridi, imelala juu tu. Ikifanya kitambaa kiwe kama kioo, imepenya. Kwa njia ya maji, tumia pamba nyembamba iliyofuliwa ikatoka wanga wote, kisha geuza upake na upande wa nyuma. Ukiwa na kikaango cha umeme chenye kidhibiti joto, mwalimu akisimamie mwenyewe. Nta ikishika moto usimwage maji, utaisambaza hadi darini. Zima umeme, funika na mfuniko. Ndoo ya mchanga ikae hapo hapo.

Kostiki soda ya kuchanganyia rangi za batiki: soda inamwagwa kwenye maji, maji hayamwagwi kwenye soda. Na usitumie sufuria ya alumini, soda inaila na inatoa hewa inayowaka. Plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Haidrosi, dawa nyingine ya rangi hizo, nayo ikiingia unyevu kwenye kopo inapata joto yenyewe na inaweza kuwaka. Kijiko kikavu, mfuniko wa kukaza, kabati la juu. Glavu ndefu na miwani, kwa kila anayegusa.

#12 Msikilizaji

Kwa kurekodi sauti, bandikeni trei za mayai ukutani, rahisi na inasaidia.

#13 KenchiNaBati

Trei za mayai hazisaidii, mkuu. Ni karatasi nyepesi, sauti ya mtu inarudi kama kawaida, na ni kuni nzuri sana kwenye chumba chenye nta. Chukua kona moja, tundika mablanketi mazito pande tatu, yasiguse ukuta, yaachane nao sentimita 10. Kitenge ni chepesi mno.

Adui wako mkubwa ni bati. Mvua ikianza hakuna programu itakayoiondoa sauti ile. Dari ya mbao itapunguza, na ukitandaza magodoro ya zamani juu ya dari sehemu ya kona hiyo tu, itapungua zaidi, lakini rekodi bado zipangwe asubuhi. Maikrofoni ya USB inatosha, umbali wa mdomo sentimita 15 hadi 20, pembeni kidogo ili P na B zisipige. Kwenye Audacity, programu ya kurekodi, vilele vya sauti vifike kati ya desibeli -12 na -6. Vikigusa 0 vimekatika na havirudi.

#14 FundiKabwe

Nimesahau mtandao na programu.

Intaneti isiwe msingi. Mashine moja iwe seva, yenye SSD ya angalau GB 500, weka Kolibri na Kiwix, programu za kusomea masomo na vitabu bila intaneti. Masomo pakua ukiwa mjini kwenye mtandao wa kasi, yabebe kwa diski ya nje. Wanafunzi wanafungua kwa kivinjari, anwani ya seva ikifuatiwa na :8080 kwa Kolibri. Ipe seva anwani isiyobadilika, la sivyo kila umeme ukirudi utaandika namba mpya ubaoni. Scratch ya kujifunzia programu, Inkscape ya michoro, GIMP ya picha, Audacity na LibreOffice ya kazi za ofisi zote zinafanya kazi bila intaneti na hazidai leseni.

Ukipewa mashine za msaada, ujue Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya kawaida 14 Oktoba 2025. Mashine yenye RAM ya GB 4 ibadilishe diski ya kuzunguka iwe SSD, weka Linux Mint ya Xfce. Tarehe yake ikirudi miaka nyuma kila ikiwashwa na kurasa za mtandao zinakataa kufunguka kwa madai ya cheti cha usalama, usiivunje: ni betri ya CR2032 kwenye bodi, mfano wa sarafu.

Kebo ya mtandao, angalia usiuziwe alumini iliyopakwa shaba. Kwangua waya mmoja kwa wembe. Ukiona nyeupe chini ya wekundu, rudisha. Inashika leo, baada ya miezi inakatika kwenye viungo. Isilazwe pamoja na nyaya za umeme, ziachane sentimita 20.

#15 AmaliIringa

Kazi moja ya kuunganisha vituo vyote vitatu, ili kamati waone kwa macho: taa ya chungu inayowaka yenyewe giza likiingia.

Kundi la kompyuta wanachora urembo wa matundu kwenye Inkscape, waige hata mistari ya vikapu vya milulu vya Iringa, wanachapa. Kundi la udongo wanazungushia karatasi kwenye chungu kilichokakamaa lakini hakijakauka, wanatoboa. Udongo unanywea, weka asilimia 10. Kwa hiyo mchoro uchapwe kwa asilimia 111, na tundu la LED ya milimita 5 litobolewe 6. Watakaotoboa 5 watakuja na chungu kizuri ambacho taa haiingii, na kuchimba chungu kilichochomwa ni kukivunja.

Kundi la sakiti: kihisi mwanga toka volti 5 hadi A0, pini ya bodi ya kusomea, rezista ya kilo-omu 10 toka A0 hadi hasi. Bodi inasoma 0 hadi 1023, giza linashusha namba. Msinakili kiwango toka kitabuni. Someni namba mchana, funikeni kwa kiganja, someni tena, chukueni ya katikati. Na wekeni viwango viwili, cha kuwasha na cha kuzima, viachane kama 50, la sivyo machweo taa itapepesa. Kihisi kisiione taa yake yenyewe: kikae nje ya chungu, upande wa nyuma.

#16 Mwl_Rungwe

Nimepata zaidi ya nilichoomba. Swali dogo: sinki moja lililopo limeshaziba mara mbili kwa rangi tu. Udongo si utalimaliza?

#17 MamaVyungu

Litakufa wiki ya kwanza, mwanangu. Udongo usiende kwenye bomba kabisa. Weka ndoo tatu za lita 20 kabla ya sinki: ya kwanza wananawa matope mazito, ya pili wanasuuza, ya tatu vyombo na brashi. Sinkini wanamalizia mikono tu. Ziache zitulie usiku, asubuhi chota maji ya juu taratibu kwa kopo, umwage bustanini, chini utakuta udongo laini kuliko ule uliochimba. Huo usitupe, utandaze kwenye gunia ukauke kidogo, urudi kwenye kukandwa.

Ndoo ya rangi iwe ya nne, na isichanganywe na hizo. Chini ya sinki kata bomba, weka ndoo ndogo yenye mfuniko ambayo maji yanaingilia chini na kutokea juu, imwagwe kila Ijumaa. Usiache imwagwe Jumatatu. Itakuwa imeganda.

#18 KenchiNaBati

Na bomba la kutolea lisiwe inchi moja na robo. Weka mbili, mteremko sentimita 2 kwa kila mita.

#19 Mwl_Rungwe

Jumamosi naingia na turubai na chaki. Nitaweka picha za sakafu baada ya jaribio la nailoni.